Kuufufua mkoba wa ngozi kwa sindano mbili

Mkoba ninaouzungumzia ulikuwa wa baba. Alikuwa gadi wa treni, akipanda Tabora na kushukia Kigoma, safari nyingine akienda Mpanda, na humo ndani alibeba bendera yake nyekundu na ya kijani, daftari, tochi na chupa ya chai. Alipostaafu aliutundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake. Ukakaa hapo miaka kumi na zaidi, masika ukiota ukungu, kiangazi ukikauka mpaka ukawa mgumu kama ubao. Mwaka jana mdogo wangu, ambaye ni mwalimu kule Urambo, akauomba. Alitaka kubebea madaftari ya wanafunzi na kompyuta yake, na kwa kuwa anakwenda kazini kwa bodaboda, alitaka uwe na mkanda wa kuvaa begani. Wa baba ulikuwa na kishikio cha mkono tu.

Kazi yangu ni viatu na mikoba, hapa Tabora mjini, chini ya mwembe kule Kanyenye. Nitaeleza nilivyoufanya mkoba ule tangu mwanzo, kwa sababu kila wiki naletewa mikoba ambayo mtu alijaribu kuitengeneza akaiumiza zaidi, na mingi imeumizwa kwa kosa moja: matundu mapya. Kitambaa ukikichoma sindano, nyuzi zake husogea kisha zikarudi. Ngozi ukiitoboa, tundu hubaki tundu mpaka siku itakapooza. Kwa hiyo shika hili kabla ya mengine yote: mshono wa zamani una matundu yake, na uzi mpya upite kwenye matundu hayohayo, moja baada ya jingine.

Kaa nao kwanza

Kabla hujatafuta sindano, kaa na mkoba mwangani nusu saa. Mimi huanzia kwenye ukingo, pale ngozi ilipokatwa na rangi ya juu haikufika. Ukingo wa kahawia mpaka ndani maana yake ngozi ilitengenezwa kwa magome ya miti, kama yale ya miwati inayopandwa Njombe. Ukingo wa kijivu unaoelekea bluu maana yake ilitengenezwa kwa chumvi ya kromu. Ya magome hunywa maji: dondoshea tone moja mahali palipojificha, litazama na kuacha doa la giza ambalo hufifia likikauka. Ya kromu ni laini zaidi na huvumilia maji, ila ukingo wake haukubali kung'arishwa kwa kusuguliwa. Na ukiona katikati ya ukingo kuna kitambaa, na sehemu ya juu inabanduka kama ganda la kitunguu, hiyo ni plastiki. Kushoneka itashoneka, lakini mafuta na nta haitayanywa, usiyapoteze.

Kisha kunja kona moja taratibu. Ikitoa mistari midogo juujuu, ina kiu tu. Ikiacha unga mwekundu vidoleni, kama unga wa tofali la kuchoma, sehemu hiyo imekwisha, na hakuna mafuta yatakayoirudisha. Uzi utaikata kama kisu kinavyokata mkate. Mkoba wa baba ulikuwa na unga huo kwenye kona moja ya chini, pale ulipokuwa ukigusana na ukuta. Kona hiyo niliiwekea alama ya chaki, nikajua kwamba itabidi ibebwe na ngozi nyingine kwa ndani.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake akiniangalia ninavyoupindua pindua. Nilipofungua kifuniko tukaona namba aliyoiandika mwenyewe kwa wino upande wa ndani, namba yake ya kazi.

"Hiyo usiifute," akasema.

"Sawa, baba."

Nikaibandikia karatasi juu yake ili nisije nikajisahau na kitambaa chenye spiriti. Nawe muulize mwenye mkoba alama gani anataka zibaki. Mkwaruzo unaouona wewe kama uchafu huenda kwake ndio mkoba wenyewe.

Usafi na mafuta

Ukungu utolee nje, kwa brashi kavu, ukiwa umejifunga kitambaa puani. Baada ya hapo changanya spiriti na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa kidogo tu, pangusa. Jaribu kwanza chini ya mkoba, maana spiriti huweza kung'oa rangi. Uchafu wa kawaida unatoka kwa povu la shampuu ya watoto: matone machache kwenye bakuli la maji, koroga, tumia lile povu la juu peke yake. Sabuni ya mche tunayofulia ni kali mno kwa ngozi. Itasafisha vizuri siku hiyo, na mwezi ujao ngozi itaanza kupasuka. Ila usiitupe, nitaihitaji huko mbele kwa kazi nyingine.

Jaza mkoba magazeti ili ushike umbo lake, uuanike kivulini penye upepo. Hapa kwetu mwezi wa nane siku mbili zinatosha. Mvua zikiwa zimeanza, hesabu tano. Jua la moja kwa moja hapana. Nilipokuwa najifunza kwa mjomba, nilianika mkoba wa mteja juu ya bati saa saba mchana nikidhani ninamharakishia. Jioni ulikuwa umesinyaa, kifuniko hakifiki tena kwenye bizimu yake. Mjomba aliulipia kwa pesa yake. Kunigombeza hakunigombeza. Alinikabidhi ule mkoba, akaniambia, "Mjomba, huu sasa ni wako, uwe unauangalia." Ninao mpaka leo, na kila kijana anayekuja kujifunza kwangu namwonyesha huo kabla ya kumwonyesha sindano.

Ukishakauka, mpe mafuta. Ninatumia mafuta ya nyonyo, kwa sababu hayagandi na hayageuki kuwa na harufu mbaya upesi. Watu wengi hupaka mafuta ya alizeti au mawese kwa sababu yapo jikoni. Ngozi huyanywa kwa furaha, inalainika siku hiyohiyo, kisha baada ya miezi inakuwa ya kunata, inavutia vumbi na kunuka. Nyonyo unaipaka kwa kitambaa, tabaka jembamba kabisa, unaiacha usiku kucha, unatazama asubuhi. Kama bado ni ngumu, tabaka jingine. Mkoba wa baba ulihitaji matatu. Usizidishe, ngozi iliyoshiba kupita kiasi hulegea na kuvutika kama mfuko wa plastiki wenye maji. Na pale utakapobandika kiraka kwa gundi, usipake kabisa mpaka gundi imalize kazi yake.

Kufumua

Usiufumue mkoba wote kwa mara moja. Fumua mshono mmoja, ushone, ndipo uhamie mwingine, kwa maana vipande vilivyobaki vimeshonwa ndivyo vinavyokuonyesha umbo. Aliyefumua wote mezani atakuwa na vipande vinane na hajui kipi kilivutika na kipi kilisinyaa.

Kata uzi wa zamani kwa ncha ya wembe, upande wa ndani, kila baada ya mishono mitatu, kisha chomoa vile vipande kimoja kimoja kwa kibano. Kuvuta uzi mrefu kwa nguvu ni kuigeuza ngozi kuwa gogo na uzi kuwa msumeno. Tundu lililokuwa la mviringo linarefuka. Baada ya hapo pitisha sindano butu kila tundu kutoa nta ya zamani na vumbi. Ipite tu, usitanue.

Chini ya mkoba wa baba niliikuta kazi ya fundi mwingine wa zamani, aliyepitisha mashine juu ya mshono wa asili kwa hatua ndogo sana. Matundu yalikuwa yamesongamana mpaka ngozi ikachanika kwa kuyafuata, kama karatasi ya stempu. Niliumia kuona hivyo, kwa kuwa mshono wa asili pale ulikuwa mzima. Hapo ndipo mahali pekee nilipovunja kanuni yangu: nilibandika kwa ndani utepe wa ngozi nyembamba wenye upana wa sentimita 2, halafu nikashona nikitumia tundu moja na kuruka mawili. Yaliyorukwa niliyajaza nta.

Ile kona yenye unga mwekundu niliishughulikia wakati huohuo. Kata kiraka kikubwa kuliko ugonjwa, kifike kwenye ngozi iliyo hai kwa kila upande walau sentimita 2. Kingo zake zichonge kwa kisu ukikilaza, ziishie nyembamba kama karatasi, la sivyo zitaacha tuta linaloonekana nje. Paka gundi ya viatu pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka ukiigusa haishiki kidole, ndipo ubandike na kugonga kwa nyundo. Gundi ile inayoshika papo hapo usiisogeze karibu na ngozi. Inakauka kama kioo, na mkoba ukijikunja, ngozi ndiyo inayovunjika pembeni yake.

Uzi, nta na sindano

Jirani zetu wa Kigoma wana uzi wa nailoni wa kusukia nyavu, na mafundi wengi wa viatu njia yote ya reli wanaushonea. Ni uzi wenye nguvu, siukatai kwa kandambili. Kwa mkoba, nailoni huvutika: ukiukaza leo, mzigo ukiupima wiki mbili, mshono unalegea. Mimi napendelea uzi wa poliesta wa viatu. Ngozi ya mkoba wa baba ina unene wa karibu milimita 3, nikatumia uzi wa milimita 1. Kwa ngozi nyembamba ya pochi shuka mpaka nusu ya hapo. Uzi wa pamba uache kwa nguo, jasho na mvua vitauozesha.

Hapa Tabora nta si ya kutafuta kwa tochi. Asali ya Sikonge inapoingia mjini, nta nayo inafuata. Chagua ya manjano yenye harufu ya asali, na uifinyange kipande kwa vidole: ya nyuki hupata joto, ikalainika na kunata, iliyochanganywa na ya mishumaa huteleza na kumeguka. Bana uzi juu ya donge kwa kidole gumba, uuvute mara tatu mpaka uhisi umekuwa mzito kidogo na hauteleziteleza. Nta inaufanya uzi ung'ang'anie ndani ya tundu, inaziba njia ya maji, na inazuia nyuzinyuzi kusimama.

Kipimo cha uzi ni mara nne ya urefu wa mshono, ongeza shibiri moja ya kushikia. Mikono yangu nikiitanua, pima moja inanishonea karibu sentimita 40. Usichukue zaidi ya pima, hata kama mshono ni mrefu. Uzi mrefu hujifunga mafundo, na kila unapopita kwenye tundu unachakaa. Ukiisha katikati, uzi mpya uanze matundu mawili nyuma, ulale juu ya wa zamani.

Sindano ziwe mbili na ziwe butu. Zikiwa kali, zisugue ncha kwenye jiwe la kunolea. Njia imeshatobolewa, kwa hiyo kali haina faida. Itachoma uzi uliotangulia na kuuharibu bila wewe kujua. Uzi usichomoke kwenye jicho la sindano: upitishe, kisha choma mkia wa uzi kwa ncha ya sindano yenyewe mara mbili, ukiuvuta urudi nyuma mpaka ujifunge. Fanya hivyo miisho yote miwili, uzi mmoja, sindano kila upande.

Unahitaji mkono wa tatu, na huo ni jiliwa la mbao. Langu ni mbao mbili za mninga zenye urefu wa mkono, zimeunganishwa chini kwa bolti na juu zimefunikwa ngozi laini. Nalibana kwa magoti, mshono unajitokeza juu, mikono yote miwili iko huru. Bila hilo utakuwa unashika kwa mkono mmoja na kushona kwa mwingine, na mshono utakwenda kama njia ya mbuzi.

Mshono wenyewe

Pitisha uzi kwenye tundu la kwanza, linganisha pande mbili ziwe sawa. Sasa tundu la pili. Sindano ya kushoto inaingia kwanza na kutokea kulia. Inapotokeza nusu, chukua ile ya kulia uiweke chini yake, uzishike pamoja kama msalaba, uvute mpaka uzi wa kushoto upite wote. Geuza mkono, ingiza sindano ya kulia kwenye tundu lilelile, nyuma ya uzi uliotangulia. Kabla hujaipitisha, ushike ule uzi wa kwanza na kuuvuta kidogo huku na huku. Ukiteleza, hujautoboa. Ukikwama, rudisha sindano na uanze tundu hilo upya. Nyuzi zote mbili zikishapita, vuta kwa pamoja, kulia na kushoto, kwa nguvu sawa, mpaka usikie kile kilio kidogo cha nta ndani ya ngozi. Hapo acha. Ngozi ikianza kujikunja kwenye mshono, umepitiliza.

Unaweza kuanza na kushoto au na kulia, utakavyo. La lazima ni kwamba ukianza na kushoto, iwe kushoto mpaka mwisho, na uzi wa pili upite nyuma ya wa kwanza kila mara, si leo nyuma kesho mbele. Mishono inayolala upande mmoja kama punje za mpunga hutokana na utaratibu huo peke yake. Nimeona vijana wakihangaika na aina ya uzi kumbe mkono wa kulia umebadilisha mawazo njiani.

Mtu ataniuliza kwa nini nijitese wakati mashine zipo. Mashine ni nzuri, mimi pia ninayo. Lakini nyuzi za mashine zinakutana katikati ya ngozi, wa juu hubaki juu na wa chini hubaki chini, kila mmoja umemshika mwenziwe. Mmoja ukikatika mahali pamoja, unaanza kufumuka kwa urefu. Huu wa sindano mbili, kila uzi unapita pande zote mbili, na ndani ya kila tundu kuna nyuzi mbili zilizopishana. Mmoja ukikatika leo, mwingine bado umeshika. Na mashine hutoboa matundu yake yenyewe. Haiwezi kuyafuata ya baba yangu.

Mshono wa ubavu mmoja ulinichukua saa nne. Kuna kitu kinachotokea kwenye tundu la hamsini hivi: mikono inajua, macho yanapumzika, na unaanza kuona alama za aliyeushona kwanza. Kona ya kushoto alikuwa ameweka mishono miwili juu ya tundu moja, kwa sababu alijua hapo ndipo mkono wa gadi utakapovuta kila siku. Nami nikaweka miwili.

Ukifika mwisho rudi nyuma matundu matatu, nyuzi zote mbili zitokee ndani, zikate ubakize milimita 2, ziyeyushe kwa kiberiti na kuzibonyeza kwa ubapa wa kisu kilichopoa. Kisha gongagonga mshono wote, taratibu, kwa nyundo yenye uso laini, ili uzi uzame kwenye ngozi. Ukingo usugue kwa msasa mlaini, ulowanishe kwa kidole, usugue tena kwa kijiti cha mbao ngumu kwa nguvu na kasi mpaka upate joto na kung'aa, umalizie kwa nta. Hayo ya kung'arisha ni kwa ngozi ya magome, kama nilivyosema.

Kuuongezea mkanda

Sehemu hii ndiyo mdogo wangu aliyokuwa anaingoja, na ndiyo yenye hatari, kwa kuwa mkoba ulioundwa kubebwa kwa mkono haukupangiwa kuning'inia ubavuni. Uzito wote utahamia kwenye sehemu mbili ndogo. Watu hugonga ribiti moja kila upande na kuondoka; baada ya mwezi ribiti imetoka na kipande cha ngozi.

Mkanda ukate kwenye ngozi ya mgongoni. Ya tumboni huvutika. Kama hujui kipande ulichonacho kimetoka wapi, kishike miisho miwili na ukivute: kikirefuka mkononi, kitengenezee mfuko wa simu. Nilikata upana wa sentimita 3.5, kipande kirefu cha sentimita 110 na kifupi cha 35 chenye bizimu. Pete za umbo la D na bizimu zipime kwa sumaku. Sumaku ikishika, ndani ni chuma kilichopakwa, na masika moja itatoa kutu na kuchora ngozi mistari myeusi. Zangu nilizitoa kwenye begi la zamani lililokwishachoka, ni za shaba ya njano na sumaku hazikuijali.

Kila pete inashikwa na ulimi wa ngozi: kipande cha sentimita 3.5 kwa 16, kinapita kwenye pete na kukunjwa katikati, kinashuka ubavuni mwa mkoba sentimita 8. Kwa ndani ya ubavu, nyuma yake, weka kiraka kinachozidi ulimi kwa sentimita moja kila upande. Ulimi, ubavu na kiraka vyote vinashonwa pamoja kwa mshono wa mraba, wenye msalaba ndani yake kutoka kona mpaka kona. Hapo uzito unagawanyika kwenye mishono yote.

Matundu mapya hapa hayaepukiki, basi yafanye kwa adabu. Chukua bikari ya mkebe wa hesabu, ifungue milimita 4, buruta mguu mmoja kwenye ukingo na mwingine uchore mstari. Ifungue tena milimita 5 na uitembeze juu ya mstari, mguu baada ya mguu, kila alama ni tundu. Msharasi wangu, yaani kile chuma cha kutobolea ngozi, una ncha bapa, nauelekeza ulale kama alama ya mkwaju, na matundu yote yalale vivyo hivyo. Chini ya ngozi weka ule mche wa sabuni: msharasi ukitokea upande wa pili unazama kwenye sabuni, haugongi ubao na kuvunjika ncha, na ukirudi umepata utelezi wa tundu linalofuata. Angalia mkono usiinamie. Mbele mstari utaonekana umenyooka, na nyuma matundu yatakuwa yanatangatanga. Kila baada ya matundu matano geuza kazi utazame nyuma.

Ndani nilimshonea mwalimu mfuko wa kompyuta kwa blanketi la zamani lililovishwa bitana ya khaki, umeshikwa kwenye mshono wa juu tu ili usiguse sakafu ya mkoba. Hilo ni ushonaji wa kawaida, fundi nguo yeyote atakusaidia.

Mwisho kabisa ni nta ya kupaka. Sehemu moja ya nta kwa tatu za mafuta ya nyonyo, kwa uzito, kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Kopo lisikae juu ya mkaa moja kwa moja, nta hushika moto. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, kwa hiyo maji yasichemke kwa fujo. Koroga, ipoe, paka kwa kiganja, subiri saa moja, pangusa kwa kitambaa cha pamba. Pitia mishono mara mbili. Rudia mvua za kwanza zikinusa, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, na tena zikikata. Masika mkoba usikae kwenye mfuko wa plastiki wala usiguse ukuta. Utundike penye hewa, ndani ukiwa na gazeti.

Baba alipoletewa alifungua kifuniko kwanza, akatazama namba yake, ndipo akautazama mkanda. Akaupima uzito mkononi, akauliza mdogo wangu atapakia nini. Alipoambiwa madaftari ya madarasa mawili, akaniambia nikaongeze mshono kwenye ulimi wa kulia. Niliongeza.

Matundu ya kurekebishia mkanda sikuyatoboa siku ile, isipokuwa moja. Mkanda mpya hurefuka kidogo wiki za mwanzo, na mtu aliyevaa koti la bodaboda si mwembamba kama alivyo ndani ya nyumba. Mdogo wangu aliuvaa siku nane, akarudi Jumamosi akiwa na koti lake na madaftari yake ndani, akasimama pale chini ya mwembe, nikatia alama kwa chaki, nikatoboa mengine manne.